Kopo la chumvi na muhogo wetu

Juma hili tuangalie kopo la chumvi.

Ndani ya chumvi muna klori, ndugu ya ile ya javel. Iodi pia ni ya ukoo huo, unaoitwa halojeni. Tabia yao ni moja: hawapendi kukaa peke yao, hushikana haraka na kitu kingine. Ndiyo maana javel inaua vijidudu. Na ndiyo maana hatuichanganyi na siki wala dawa kali ya choo, maana hewa inayotoka inachoma mapafu.

Iodi ni mpole zaidi, lakini tezi ya shingo haifanyi kazi bila yake. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, mama mwenye mimba 250. Ni kidogo sana. Lakini ikikosa wakati wa mimba, ubongo wa mtoto haukomai sawasawa, na baadaye hakuna dawa ya kurudisha.

Kule Idjwi, katikati ya ziwa Kivu, waganga walichunguza jambo hili miaka ya 1960 na 1970. Iodi ilikuwa kidogo kisiwa kizima, lakini uvimbe wa shingo ulikuwa mwingi kaskazini kuliko kusini-magharibi. Waliona kwamba muhogo una sehemu yake. Muhogo mchungu una sumu. Isipotoka vizuri, mwili unaigeuza kuwa kitu kinachozuia iodi kuingia kwenye tezi.

Basi, muhogo mchungu ulowe siku tatu kamili. Najua, anayeuza unga anataka kuwahi soko, na siku mbili anaona zinatosha. Hazitoshi, hata kama umekuwa laini.

Chumvi nayo, tununue ile iliyoandikwa "sel iodé" kwenye pakiti. Ile ya kupimwa kwa kikombe, iliyoshinda wazi juani, mara nyingi iodi imepungua. Nyumbani ikae kwenye kopo lenye kifuniko, mbali na moto na unyevu. Tusiioshe. Lakini tusizidishe chumvi kwa kutafuta iodi: kijiko kidogo kimoja kwa siku kinatosha mtu mzima, na mwenye tansio apunguze zaidi.

Sombe linachemka saa nyingi, kwa hiyo chumvi tuitie mwishoni, sufuria ikikaribia kushuka.