Fungate Haikuumbwa Iwe Mara Moja

Nina swali moja ninalotaka ulijibu kwa dhamiri yako kabla hujaendelea kusoma. Je, ni lini mara ya mwisho wewe na mkeo, au wewe na mumeo, mlifunga safari ya pamoja ambayo haikuwa ya matanga, wala ya harusi, wala ya kumpeleka mgonjwa hospitali?

Mimi swali hili niliulizwa na mke wangu mwaka jana, jioni moja ya mwezi wa Oktoba, tumekaa barazani petu hapa Kaloleni. Nilianza kuhesabu kwa vidole. Mombasa tulikwenda kumzika shangazi yangu. Mariakani tulikwenda kumwangalia mgonjwa. Malindi tulikwenda harusini, na huko mimi nikakaa kwa wanaume naye akakaa kwa wanawake, tukaonana tena ndani ya matatu ya kurudi. Mke wangu aliponiona nimenyamaza akasema, "Baba watoto, huu ni mwaka wa 26 tangu unioe. Mimi na wewe siku hizi twakutana matangani tu."

Maneno hayo yaliniingia. Lakini nilipomshauri rafiki yangu mmoja baada ya sala ya Isha kwamba nataka kumchukua mama watoto tukapumzike siku mbili mahali, alinicheka sana. "Mwalimu, hayo ni mambo ya Kizungu," akasema.

Ni kweli kwamba wenzetu wa Ulaya na Marekani wana mtindo wao. Majira yale majani ya miti yanapopukutika na baridi kuanza, bwana na bibi hutia nguo kidogo mkobani, wakaenda kujifungia siku mbili tatu katika kibanda cha mbao kando ya ziwa. Hawaendi kufanya kazi yoyote. Huwasha moto, hupika, hutembea ukingoni mwa maji, huzungumza. Basi tukisikia hivyo sisi husema ni anasa za watu wenye pesa. Hapo ndipo mimi ninapotofautiana na rafiki yangu.

Wazee wetu wa mwambao waliijua fungate. Bwana harusi na bibi harusi waliwekwa ndani siku saba, chakula kikaletwa, somo akahudumu, wala hakuna aliyethubutu kuwagongea mlango kwa shughuli za dunia. Neno lenyewe maana yake ni saba. Ni neno la kale la Kibantu, na jirani zangu Wagiriama wa hapa Kaloleni mpaka leo saba huiita fungahe. Sisi Waswahili katika kuhesabu tukachukua saba ya Kiarabu, lakini lile neno la kale tukaliacha litutunzie siku za mapenzi. Sasa, watu walio na neno kama hilo wataambiwaje kwamba mume na mke kujitenga wakapumzika ni mambo ya kuiga?

Kosa letu ni kwamba tumeifanya fungate kuwa ya mara moja. Twagharimia harusi, ndoa twaiacha na njaa. Siku ya harusi tutachinja, tutapika biriani ya kulisha mtaa mzima, tutakodi viti na mapambo, na deni tutalilipa mwaka mzima. Ikisha kupita wiki ile, bwana huyo barazani na bibi huyo jikoni, na mazungumzo yao ni sukari imekwisha, karo haijalipwa, paa linavuja.

Basi shule zilipofungwa mwezi wa Novemba, tulitoka. Tulipanda gari hapa Kaloleni, tukateremka kati ya minazi mpaka Mavueni, tukavuka daraja la Kilifi, lile lililofunguliwa mwaka 1991 likatuondolea taabu ya kungojea feri. Kusi ilikuwa imekwisha, kaskazi haijashika vizuri, bahari imetulia, na mvua za vuli zanyesha na kukoma. Hayo ndiyo majira yetu ya kupumzika, kama yale ya wenzetu ya majani kupukutika.

Tulianzia hoteli moja ya ufuoni ambayo jina lake nalisitiri. Askari wa langoni alitutazama, mimi na kanzu yangu na kofia, mke wangu na buibui lake, akatuuliza, "Mzee, mwamtafuta mfanyakazi gani?" Nilipomwambia tumekuja kulala, akataka tumwonyeshe cheti cha ndoa. Mimi nilianza kupandwa na hasira, lakini mke wangu alicheka akamwambia, "Mwanangu, cheti changu kina wajukuu wawili." Tukaenda zetu. Sina ugomvi na kijana yule. Amezoea kuona watu wa namna yetu wakiingia kwa mlango wa jikoni. Lakini jambo hilo lauma. Tangu miaka ya 1930, hoteli za kwanza zilipojengwa Malindi, pwani hii imekuwa ikiwapumzisha wageni kutoka pande zote za dunia, na sisi wenyeji tukazoea kuwa watumishi na watazamaji.

Tulipata mahali Mida, kando ya hori, mkono ule wa bahari ulioingia bara katikati ya mikoko. Ni kibanda cha udongo cha wenyeji, kitanda, chandarua, na paa la makuti. Chakula chetu kilikuwa samaki na wali wa nazi, na mwenyeji wetu alituonyesha msikiti ulipo kabla hatujauliza. Maji yalipokupwa tulikaa tukiangalia ndege. Miezi hiyo Mida hujaa ndege wa safari. Wamo wanaotoka Ulaya na Asia kukimbia baridi, na wamo weupe wenye mabaka meusi na midomo mizito ya kuvunjia kaa, ambao hutaga katika mchanga wa pwani za Arabuni na Ghuba, kisha wakaja kwetu. Mke wangu akasema, "Hata ndege wajua kuhama wakapumzike."

Usiku ule mvua ikanyesha. Tumelala tukiisikiliza, mke wangu akatazama juu akasema, "Makuti haya ni ya kwetu. Tazama yalivyobanana." Alipokuwa msichana alikuwa akishona makuti pamoja na mamake hapa Kaloleni, wakiyapanga kando ya barabara malori yaje kuyanunua. "Nimeshona makuti miaka mingi," akasema, "lakini sijapata kulala chini yake bila ya kufikiri uji wa asubuhi."

Akaendelea kuzungumza. Ndipo nilipojua kwamba tangu binti yetu wa mwisho aolewe, ukimya wa nyumba ulikuwa ukimla, na kwamba alikuwa amekwisha kumwambia kaka yake kuwa anataka kurudi kwao akakae kwa muda. Nawe msomaji wajua "kwa muda" huko mara nyingi huishia wapi. Nyumba moja, kitanda kimoja, na mimi sikuwa najua. Sikumpiga, sikumnyima chakula wala nguo, nikidhani nimetimiza. Nilimwomba msamaha gizani, mvua ikinyesha.

Siku ya pili tulizuru Gede. Mara ngapi tumepita hapo na matatu bila kuteremka! Mji ule uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2024, na lipo kaburi lililoandikwa mwaka 802 wa Hijra, ndiyo 1399 ya miladi. Tulitembea ndani ya nyumba zile za mawe, zenye visima vyake na vyumba vya faragha vya ndani. Waliozijenga walijua kuwa mume na mke wahitaji mahali pao, mbali na macho ya baraza.

Najua wako watakaosema, hali ni ngumu, pesa ziko wapi? Nami nasema, safari yetu yote haikuzidi bei ya mbuzi wawili, na mwaka huo huo ukoo wetu ulichinja ng'ombe kwa harusi ya mpwa wangu. Na asiye na hizo za mbuzi, achukue mkeka na birika la chai, awaachie wakubwa watoto, aende na mkewe ufuoni kutwa moja. Ufuo wa bahari hauna mlango.

Wako pia watakaosema si heshima mtu mzima kutembea na mkewe kwa starehe. Hao nawakumbusha kwamba Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bibi Aisha (R.A.) walipokuwa safarini, naye Bibi Aisha akamshinda. Baadaye, Bibi Aisha alipokuwa amenenepa, walishindana tena na Mtume akashinda, akamtania kuwa amelipa ile ya kwanza. Ikiwa yeye, pamoja na uzito wa umma wote mabegani mwake, alipata nafasi ya kucheza na mkewe njiani, wewe na mimi kazi yetu ni ipi iliyo nzito zaidi?

Na ninyi wenye nyumba za wageni, wekeni familia zetu akilini. Mwenyeji akija na mkewe, mkaribisheni kama mnavyomkaribisha aliyeshuka kwenye ndege. Paa lile mlilojivunia, huenda yeye ndiye aliyelishona.

Mke wangu hakurudi kwao. Vuli ijayo, Inshallah, tutatoka tena, naye ameanza kuweka akiba ndani ya kopo la maziwa. Rafiki yangu aliyenicheka ameniuliza faraghani, gari la Mida hupandwa wapi.