Dawa, Kamera na Ukweli Uliokatwa Nusu

Mwanafunzi wa leo huamini filamu ya makala kuliko kitabu. Kitabu kina mwandishi ambaye jina lake li wazi jaladani. Filamu huonekana kana kwamba haina mwenyewe, kana kwamba mambo yamejitokeza mbele ya kamera na kujieleza. Katika mji kama Eldoret, wenye chuo kikuu, hospitali ya rufaa na vijana wengi wanaosomea udaktari, imani hiyo si jambo la kupuuzwa.

Chukua mathalani Fire in the Blood, filamu ya Dylan Mohan Gray iliyoonyeshwa kwenye tamasha la Sundance mwaka 2013. Inasimulia jinsi makampuni makubwa ya Magharibi, yakisaidiwa na serikali zao, yalivyozuia dawa nafuu za kupunguza makali ya ukimwi zisifike Afrika. Kiini cha shtaka hilo ni kweli tupu. Mwaka 2000 kumtibu mgonjwa mmoja kuligharimu dola 10,000 au zaidi kwa mwaka. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ikajitolea kuuza kwa dola 350. Wakati huo makampuni ya dawa yalikuwa yangali mahakamani dhidi ya serikali ya Afrika Kusini, kesi waliyoiondoa Aprili 2001 kwa aibu.

Hata hivyo, wanaosikika zaidi humo ni wa upande mmoja: Profesa Peter Mugyenyi wa Uganda, Zackie Achmat wa Afrika Kusini, na Yusuf Hamied wa Cipla, ambaye anang'ara kama shujaa. Sisemi hakustahili. Lakini Cipla nayo ni kampuni ya biashara, na bei yake ya chini iliifungulia soko pana. Mwalimu asipolitaja hilo, darasa litaondoka likidhani kwamba wafanyabiashara ni wa namna mbili, malaika na mashetani.

Upande wa pili nao una kamera zake. Mpango wa AMPATH, ulioanzishwa mwaka 2001 na Chuo Kikuu cha Moi, hospitali yetu ya rufaa na Chuo Kikuu cha Indiana, umeokoa maisha ya watu wengi mno katika magharibi mwa Kenya. Miongoni mwa waliousaidia kwa dawa ni Eli Lilly, kampuni yenye makao yake Indianapolis. Anayetaka kupiga picha ya mgonjwa wa kisukari akitabasamu na chupa ya insulini mkononi hatakosa, na picha hiyo haitakuwa ya uongo. Ila kampuni hiyo hiyo ililaumiwa kwa miaka mingi na Wamarekani walioshindwa kununua insulini yake, hata mwaka 2023 ikatangaza kupunguza bei kwa asilimia 70. Hiyo nayo ni picha ya kweli. Ni nani atakayeziweka zote mbili katika filamu moja, na ni nani atakayemlipa?

Upo mchanganyiko mwingine. Wengi huitaja The Constant Gardener ya mwaka 2005, iliyopigwa Kibera na Loiyangalani, kana kwamba ni ushahidi. Ile ni hadithi ya kubuni. Kisa halisi kinachohusishwa nayo ni cha Kano, Nigeria, mwaka 1996, Pfizer ilipojaribu dawa ya Trovan kwa watoto wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo. Watoto 200 walihusishwa, 11 wakafa: watano waliopewa Trovan, sita waliopewa dawa ya kulinganishia. Kampuni hujitetea kwa hesabu hiyo; familia zilidai hazikuombwa ridhaa, na kwamba dawa ya pili ilitolewa kwa kipimo pungufu. Mwaka 2009 Pfizer ilikubali kulipa dola milioni 75. Hesabu ya watano na sita haimfai mtunzi anayetaka mwuaji mmoja.

Nasisitiza hayo kwa sababu kijana aliyefundishwa kwamba kila kidonge kina njama ndiye atakayeulizwa nyumbani na mama yake kama aendelee kumeza dawa za kila jioni.