Andika ukoo wako, na mama zako usiwasahau

Vijana wenzangu, hapa Rusizi habari za ukoo wa wafalme wa Rwanda bado zinasimuliwa. Lakini muulize kijana mkimbizi jina la mama wa bibi yake: wengi tunanyamaza. Mimi naona kunyamaza huko kutatugharimu.

Zamani ufalme wa Rwanda ulikuwa na watu wa kazi hiyo, wanaitwa abacurabwenge. Walishika kichwani orodha ya wafalme, kizazi kwa kizazi. Na mfalme hakutajwa peke yake: walimtaja pamoja na mama yake, na ukoo ambao mama huyo alitoka. Padri Alexis Kagame aliyaandika mapokeo hayo katika karne ya 20. Sio kila jina lilikubaliwa. Mwanahistoria Jan Vansina aliyatilia shaka majina ya mwanzo kabisa. Kwa hiyo ukoo mrefu si lazima uwe wa kweli.

Tumchukue Kigeli Rwabugiri, aliyefariki mwaka 1895 wakati wa vita vyake na Bushi, hapo ng'ambo ya Kivu. Orodha inasema ni mwana wa Rwogera, na mama yake ni Murorunkwere. Lakini wapo wasimulizi wanaosema aliyemzaa hasa ni Nkoronko, ndugu yake Rwogera. Kwetu hiyo si ajabu. Mtoto wa kaka yangu ni mtoto wangu, na baba mdogo ni baba.

Sasa peleka maneno hayo kwenye fomu. Mwaka 2008 Marekani ilianza kupima DNA ya wakimbizi walioomba kuungana na jamaa zao kule, ikianzia Nairobi. Familia nyingi hazikuthibitika, na mpango huo ukasimamishwa hadi 2012. Tuseme ukweli, wapo waliodanganya. Lakini mtu aliyelea yatima wa dada yake na kumwita "mwanangu" hajadanganya. Amesema kama tunavyosema nyumbani. Kipimo kinajua damu tu, hakijui nani alimbeba mtoto mgongoni siku ya kukimbia. Mbele ya kipimo hicho, hata Rwabugiri labda angekwama.

Najua wengine watasema: "Wee, mambo ya ukoo ndo yametuletea shida!" Ni kweli kabisa. Sheria ya uraia ya Zaire ya mwaka 1981 ilidai uwe na babu wa kabila lililokuwa ndani ya mipaka ya nchi tarehe 1 Agosti 1885. Nani kati yetu ana karatasi ya babu wa 1885? Sheria ya 2004 ilisogeza kipimo hadi wakati wa uhuru, 1960, lakini watu walikuwa wameshaumia. Kwangu mimi hiyo ni sababu ya kuandika, si ya kuacha. Tusipojua wenyewe, atakuja mwingine atuambie sisi ni nani. Na tuandike kwa ajili ya kujuana, si kwa kumwonyesha jirani kwamba yeye ni mgeni.

Basi chukua daftari leo, wazee wakiwa bado wapo. Kwa kila mtu andika majina yote anayoitwa, baba yake, mama yake na ukoo wa mama, mahali alipozaliwa, nani alimzaa, nani alimlea. Usiongeze babu wa kujitafutia sifa. Pasipojulikana, acha wazi.

Na ninyi mnaotuandikisha, tunawaomba kitu kimoja. Mtu akisema "huyu ni mwanangu", msiishie hapo. Muulizeni maswali mawili: nani alimzaa, na nani alimlea? Mkute majibu yote mawili yana nafasi kwenye fomu yenu. Watoto wetu kila mmoja ana jina lake, mara nyingi tofauti na la baba. Hiyo si dalili ya uongo, ndivyo tunavyoitana.