Usaili wa Afisa Uajiri Upime Uadilifu Kwanza
Usaili wa afisa uajiri katika wakala wa ajira, yaani kampuni inayowatafutia waajiri wafanyakazi, hauna budi kupima uadilifu kabla ya ufasaha, hasa Geita na Kahama, ambako vijana husubiri kazi za mgodini wakiwa na bahasha ya vyeti na barua ya mtendaji wa kijiji. Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unakataza kimsingi wakala kumtoza ada mtafuta kazi, na kanuni za madini za mwaka 2018 zinawapa Watanzania kipaumbele katika ajira. Msailiwa asiyeweza kueleza atakavyomjibu anayeleta “chai”, yaani rushwa, ili jina lake litangulie, hafai kukabidhiwa orodha ya waombaji, hata kama Kiingereza chake kinatiririka.