Krispi ya pome, posho na maembe yetu

Mwezi huu watu wengi wametuuliza: sendika iko na kazi gani na keki? Wanasema: ninyi mupiganie mushahara, mambo ya tamutamu muachie bamama. Tunawajibu hapa mbele ya wote, sababu wanaouliza wengine ni wandugu wetu wa shimo moja, na hatupendi wabaki na neno rohoni.

Kwanza mujue chakula chenyewe. Kule Marekani majani ya miti yanaanguka mwezi wa 9 na wa 10, na ndiyo wakati wa kuvuna pome. Zinakuwa nyingi, na zingine zimegongwa, haziuzike vizuri. Mama anazimenya, anazikata vipande, anazipanga mu sahani ya chuma. Kiisha anasugua kwa vidole bunga ya ngano, sukari na siagi, na wengine wanaongeza avwani, mpaka inakuwa sawa muchanga wenye maji kidogo. Anamwanga juu ya pome, anatia mu furu kama dakika 45. Hapana mayai, hapana kusukuma bunga na chupa. Juu inakauka na kulia mu meno, chini pome inalainika. Njo krispi. Mwaka 1924 ilikwisha kuandikwa mu kitabu cha mapishi cha Isabel Ely Lord, kilichotoka New York. Ni chakula cha mama asiye na wakati wala feza ya kuchezea.

Waingereza nao wako na ndugu yake, krambeli. Vita ya pili ndiyo iliipa nguvu. Tangu mwezi wa 1 mwaka 1940 serikali yao ilipima siagi na sukari: kila mutu na karatasi yake, kila juma na kipimo chake. Siagi ilifika hata gramu 57 hivi kwa mutu kwa juma. Na siagi kama ile hauwezi kukanda tarte kwa watu sita. Lakini unaweza kuisugua na bunga kidogo na kufunika matunda ya nyuma ya nyumba. Watu walikula, batoto walifurahi, na hata leo wanaipika bila kukumbuka ilitoka ku shida.

Sasa musikilize vizuri. Miaka ile ile, shaba ya Katanga ilikuwa inaenda kwa Waingereza na wenzao wa vita. Wazee wetu wa Union Minière waliongezewa kazi. Bei ya vitu ilipanda, mushahara ulibaki nyuma. Mwezi wa 12 mwaka 1941 walisimamisha kazi, mu Lubumbashi ya leo na mu Likasi na kwingine. Tarehe 9 askari waliwapiga risasi hapa Lubumbashi, ku uwanja wa mupira. Makumi walikufa, na Léonard Mpoyi aliyewasemea watumikaji alikuwa kati yao. Kule mama wa Kiingereza anapima siagi, huku baba anaulizia makuta ya kununua chakula anapata risasi. Vita ilikuwa moja. Kwa hiyo mutu asituambie chakula si mambo ya sendika.

Hatusemi turudie posho ya Wabeleji. Posho ile ilipimwa na watu waliotupima sisi pia, sawa vile unapima makala ya mashini: chakula ngapi, nguvu ngapi. Lakini mufuko wa bunga uliobaki mu Gécamines, wazee wanaukumbuka, na si kwa ujinga. Mama alijua mwisho wa mwezi nyumba haitalala bila bukari. Leo Zambia ikifunga mupaka wa mahindi, bunga inapanda ku soko siku mbili, tatu, na mushahara hauna habari.

Na watu wa sutretansi ndio wanaumia zaidi. Mu kampuni moja tunayoijua, kuko kantini mbili. Mu ile ya wakubwa, dese iko kila siku, na siku fulani ni krispi hii hii ya pome, harufu yake inafika mpaka ku lango. Nje, mutumikaji wa sutretansi anapewa mukate na sanduku ndogo ya maji ya matunda, kwa kazi ya saa 12. Wanavaa kofia ya rangi moja, wanashuka shimo moja. (Mukubwa mumoja alitueleza eti watu wetu hawazoee dese. Hatukumujibu. Tulikuwa na mambo 14 ya kusema siku ile.)

Hapo ndipo bamama wa komite walisema: tuipike sisi wenyewe, tuone kama iko na uchawi gani. Lakini pome mu Lubumbashi zinatoka Afrika ya Kusini, zinapita Kasumbalesa, na kila mulango wanaopita unaongeza bei. Mutu wa mushahara mudogo anainunua moja moja, kwa mugonjwa ao kwa Noeli. Halafu, kuanzia mwezi wa 11, maembe yanaoza chini ya miti mu kila kartie, nzi wanakula kuliko batoto. Basi waliweka maembe.

Wanachukua yale magumu kidogo, yasiyoiva sana, juu yaliyoiva sana yanatoa maji na bunga inakuwa uji. Wanakamulia ndimu. Mahali pa avwani wanavunja biskuti kavu. Furu hapana: sufuria kubwa juu ya mbabula, muchanga vidole viwili chini, sahani ndani, mufuniko, na makala juu ya mufuniko. Makala ya juu yawe mengi kuliko ya chini, bila vile chini inaungua na juu inabaki nyeupe. Wanatumia moto uliobaki nyuma ya bukari, sababu na mufuko wa makala umekuwa bei. Tulikula. Sisi tunasema inashinda ya pome, lakini bwana mumoja wa komite anakataa, anasema inakosa uchungu kidogo. Tumuache na mudomo wake.

Bamama wengine wameanza kufikiri kuiuza vipande ku lango asubuhi, pamoja na chai. Waanze na sahani moja, waone watu wanalipa ngapi. Na sukari wanunue pamoja, mufuko muzima, ndio faida inabaki.

Lakini kuuza ku lango hakutaondoa deni la kampuni. Mu mapatano ya pamoja tutakayoongea mwaka huu, tunaomba mambo mawili juu ya chakula: kantini moja kwa wote wanaoshuka, na wa sutretansi ndani, tena matunda ya hapa mu sahani, yanunuliwe kwa bamama wa soko na si mu kontena. Madelege wa kila site walete karatasi ya kile watu walikula kweli juma lililopita, siku kwa siku, na saini. Tunangoja hizo karatasi mbele ya maembe ya kwanza.