Chuo na Chumba: Uchaguzi Mmoja kwa Mwalimu Anayekwenda Masomoni

Kila mwaka, msimu wa korosho unapokaribia, walimu kadhaa wa Masasi na Newala huanza kushughulikia ruhusa za kwenda masomoni. Baadhi yao hufuata shahada ya kwanza baada ya kufundisha kwa stashahada au cheti. Wengine, ambao ndio hasa tunaowalenga katika makala haya, hufuata shahada ya uzamili. Sisi wakufunzi huulizwa swali moja kabla ya mengine yote: "Chuo kipi ni kizuri?" Swali hilo ni la haki, lakini halijakamilika. Anayechagua chuo bila kuchagua mahali pa kulala amefanya nusu tu ya uchaguzi. Nusu iliyobaki itafanywa na dalali, au na jamaa, au na bahati.

Maoni yetu ni kwamba chuo na chumba ni uchaguzi mmoja, tena ni uchaguzi unaofundishika. Kwa hiyo mahali pa kuufundishia ni katika vyuo vyetu vya ualimu, kabla mwanachuo hajatoka kwenda kazini.

Asili ya Suala Hili

Waliopanga elimu ya juu katika nchi yetu hawakuyatenga mambo haya mawili. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961, kilianza na wanafunzi wachache wa sheria katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Kilipohamia Mlimani mwaka 1964, mabweni yalijengwa pamoja na kumbi za mihadhara, kwa sababu ilieleweka kwamba kijana atokaye Newala au Bukoba hana kwao Dar es Salaam. Kupewa nafasi ya masomo kulikuwa pia ni kupewa kitanda. Hata baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililotaka watu waingie Chuo Kikuu baada ya kufanya kazi kwanza, serikali iliendelea kuyagharamia malazi ya mwanachuo, ingawa sasa mwanachuo huyo alikuwa mtu mzima, pengine mwenye mke na watoto.

Hali hiyo haikudumu. Katika miaka ya 1990 wanafunzi walianza kuchangia gharama, na katika miaka ya 2000 vyuo viliongezeka upesi. Vyuo vishiriki vya elimu vya Chang'ombe na Mkwawa vilianza mwaka 2005, na Chuo Kikuu cha Dodoma kikaanzishwa mwaka 2007. Wanafunzi waliongezeka kuliko vitanda. Kwa upande wa Mlimani zilipatikana hosteli za Mabibo, na Aprili 2017 zikafunguliwa hosteli zenye jina la Rais Magufuli, majengo 20 ya kulaza wanafunzi 3,840. Hiyo ni kazi kubwa, lakini haikumaliza haja. Wanachuo wenyewe walikuwa wamekwisha kubuni neno lao, "kubebana", yaani wawili kulala katika kitanda alichopewa mmoja.

Kijana wa miaka 20 anaweza kubebana kwa muhula mmoja na akacheka. Mwalimu wa miaka 35, mwenye tasnifu ya kuandika na familia inayomtegemea, hawezi kuweka msingi wa masomo yake juu ya kubebana. Mara nyingi yeye hupanga chumba mtaani: Changanyikeni, Msewe, Ubungo au Sinza, na pengine mbali zaidi. Hapo ndipo suala letu linapoanzia.

Jina la Chuo Halitoshi

Tunapowahimiza vijana wa kusini, hupenda kuwatajia marehemu Rais Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi. Alisoma Ndanda, akapata shahada ya kwanza Makerere mwaka 1962, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kwa shahada ya uzamili. Mfano huo ni mzuri na tutaendelea kuutaja. Lakini yafaa tuutaje wote. Makerere ya wakati ule ilikuwa chuo cha bweni, na mwanachuo hakuamka alfajiri kugombania basi. Anayetaka kuiga safari ya Mkapa leo lazima ajitafutie mwenyewe sehemu ile ambayo zamani ilitolewa pamoja na nafasi ya masomo.

Vipimo vya kuchagua chuo chenyewe si vingi. Kwanza, mwalimu athibitishe kwamba chuo na kozi yake vinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Pili, aulize kama yupo mhadhiri wa kumsimamia katika mada aitakayo, kwani chuo chenye jina kubwa kisicho na msimamizi wa mada yako ni sawa na duka kubwa lisilo na bidhaa unayoitafuta. Tatu, aulize vipindi hufanyika saa ngapi. Vipimo viwili vya kwanza hukumbukwa na wengi. Hiki cha tatu husahauliwa. Kozi nyingi za uzamili hufundishwa jioni ili kuwafaa walio kazini mjini. Kwa mkazi wa mji ule, utaratibu huo ni msaada. Kwa mgeni aliyepanga mbali, maana yake ni kurudi usiku kwa njia asiyoijua vizuri. Kwa mwalimu mwanamke suala hili ni zito zaidi, wala si haki kumwambia ajikaze tu.

Hesabu ya Saa

Walimu wetu ni hodari wa kuhesabu shilingi, ila hawahesabu saa. Tuchukue mfano wa mwalimu aliyepanga chumba cha bei nafuu kilicho mwendo wa saa 1 na nusu kutoka chuoni. Kwenda na kurudi ni saa 3. Kwa siku 5 za wiki ni saa 15. Tukichukulia kwamba muhula una wiki 15 za masomo, atakuwa amekaa barabarani saa 225. Tukizigawa kwa siku ya kazi ya saa 8, tunapata zaidi ya siku 28 za kazi, karibu mwezi na nusu wa ofisini, na huo ni muhula mmoja tu.

Sasa na aziweke saa hizo kando ya nafuu ya kodi aliyoipata. Pengine bado chumba cha mbali kitaonekana bora. Si juu yetu kumwamulia. Tunachotaka ni kwamba aamue akiwa na hesabu zote mbili mbele yake. Tasnifu nyingi zinazochelewa hazicheleweshwi na uzito wa mada. Huchelewa kwa sababu mwandishi hufika nyumbani amechoka, umeme umekatika, na jirani amefungulia redio kwa sauti ya juu.

Nyumba ya Mjomba

Watu wengi wa Lindi na Mtwara waliohamia Dar es Salaam wamejenga upande wa Mbagala, njia ya kusini. Kwa hiyo mwalimu wa kwetu anapopata nafasi Mlimani, ukoo hukata shauri mara moja: "Utafikia kwa mjomba." Kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, ambao tangu jadi huhesabu ukoo kwa upande wa mama, mjomba si jamaa wa kawaida. Kukataa nyumba yake ni kumvunjia heshima. Nasi hatusemi nyumba hiyo ikataliwe. Kwa wiki za kwanza hakuna hosteli inayoweza kushindana nayo, na mgeni wa mjini asiye na wa kumpokea ana hatari nyingi.

Lakini Waswahili walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwanachuo anayekaa kwa mjomba miaka miwili hupewa jembe lake, na ni haki apewe. Atasindikiza wagonjwa hospitali, atahudhuria misiba, atawafundisha wapwa zake hesabu jioni. Haya ni mambo mema, lakini kila moja lina saa zake, na Mbagala na Mlimani ni pande mbili za mji. Tunashauri basi jambo hili lizungumzwe mapema na kwa adabu, kabla ya safari. Mwalimu amweleze mjomba kwamba anaomba kufikia kwake kwa muda fulani, kisha atahamia karibu na chuo, na kwamba mwisho wa wiki atakuja kumwamkia. Mjomba aliyeelezwa mapema huwa yeye mwenyewe ndiye anayekwenda kumkagua mwenye nyumba mpya. Asiyeelezwa hukasirika, tena ana sababu.

Kusoma bila Kuondoka

Wapo wanaosema kwamba mjadala wote huu hauna haja, kwa kuwa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina kituo Mtwara, na mwalimu anaweza kusoma huku akifundisha Newala. Hoja hii ina nguvu. Mshahara hausimami, watoto hawaachwi, na shule haipungukiwi mwalimu. Kwa baadhi ya walimu, hasa akina mama wenye watoto wachanga, huenda hii ndiyo njia iliyo bora kuliko zote.

Hata hivyo, kusoma nyumbani hakuondoi suala la chumba, hulihamisha tu. Anayesomea nyumbani hana budi kupata meza isiyotumiwa kwa kazi nyingine, taa ya uhakika, na saa ambazo familia imekubali kwamba hatasumbuliwa. Bila makubaliano hayo, vitabu hukaa chini ya kitanda mpaka juma la mtihani. Mwalimu wa namna hii naye yampasa kupanga chumba, ijapokuwa anakipanga ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Fedha na Msimu

Huku kwetu ada na kodi hutokana kwa sehemu kubwa na mshahara ukichanganywa na korosho. Mikopo ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu imewalenga hasa wa shahada ya kwanza, hivyo mwanafunzi wa uzamili asiitegemee kabla hajapata jibu la maandishi. Tatizo ni kwamba minada ya korosho huanza mwezi Oktoba, karibu sawa na kufunguliwa kwa mwaka wa masomo, na malipo hufuata baadaye. Msimu wa 2018/2019, serikali ilipoamua kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wapo wakulima waliosubiri malipo yao kwa miezi. Wakati huohuo wenye nyumba mjini hudai kodi ya miezi 6, pengine ya mwaka mzima, ilipwe kabla ya kukabidhi ufunguo, na dalali naye hutaka ujira wake.

Kutokana na hayo twasema: kodi ya muhula wa kwanza ilipwe kwa korosho za mwaka uliopita, si za mwaka huu. Anayeshindwa kufanya hivyo afikirie kuahirisha safari kwa mwaka mmoja, ikiwa chuo kitamruhusu. Kuahirisha si aibu. Ni afadhali kuliko kurejea Masasi mwezi Januari, ada imelipwa nusu na chumba kimefungwa.

La Kufanya Vyuoni

Tunapendekeza mambo matatu, na yote yanaweza kuanza bila kusubiri waraka.

La kwanza ni zoezi la darasani. Kila mwanachuo wa mwaka wa mwisho aandike kurasa tatu: ukurasa wa kwanza, kozi aitakayo na sababu zake; wa pili, fedha mwezi kwa mwezi; wa tatu, saa za wiki nzima, pamoja na za njiani. Zoezi hili ni hesabu, ni uandishi wa barua, na ni jiografia ya nchi yetu. Mkufunzi alisahihishe kama asahihishavyo andalio la somo.

La pili ni daftari la malazi katika maktaba ya chuo. Kila mwalimu arudiye masomoni aombwe kuandika alikopanga, kodi aliyolipa, mwendo hadi chuoni, na hali ya maji, choo na usalama. Mtu aliyekulia Newala, ambako maji yamekuwa ya shida tangu enzi za kuyafuata bondeni, hahitaji kufundishwa kuuliza habari za maji. Lakini hayo mengine huyajua aliyekaa huko. Dalali mmoja ana maneno mengi, ila daftari la walimu 20 lina ukweli mwingi zaidi.

La tatu ni ushirika. Walimu wanne wa wilaya moja waliopata nafasi katika mji mmoja wanaweza kupanga nyumba nzima karibu na chuo kwa bei ambayo hakuna mmoja wao angeiweza peke yake. Watapika kwa zamu, watasomeana rasimu, na anayeugua hatakosa wa kumpa maji.

Faida ya mafunzo haya haimwishii mwalimu mwenyewe. Katika kata zetu wapo wanafunzi wa sekondari waliopanga vyumba karibu na shule kwa sababu kwao ni mbali. Mwalimu aliyejifunza kuuliza mtu analala wapi na anatembea saa ngapi atawauliza watoto hao maswali hayohayo kabla ya kuwaadhibu kwa kuchelewa. Tunawaomba wakufunzi wenzetu walijaribu zoezi la kurasa tatu katika muhula ujao, na watuandikie katika jarida hili waliyoyaona.