Gesi Iliyomo Katika Jokofu

Wako watu katika vilima vya Kericho na Bomet wasemao kwamba jokofu ni chombo kisicho na hatia. Halina moshi wala majivu. Hukaa pembeni likihifadhi maziwa ya jioni mpaka asubuhi. Neno hilo ni nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli hupoteza watu kuliko uongo mtupu.

Ndani ya jokofu mna gesi izungukayo katika mabomba, ikichukua joto la ndani na kulitoa nje. Gesi za kale ziliharibu tabaka la ozoni, ndipo mataifa yakafunga Mkataba wa Montreal mwaka 1987. Zilizofuata haziidhuru ozoni, lakini zina ubaya wao. Kilo moja ya gesi iitwayo R-134a, ikivuja hewani, huongeza joto la dunia katika miaka 100 sawa na kilo zipatazo 1,400 za hewa ukaa. Kwa hiyo mwaka 2016 mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, yakaafikiana kuzipunguza gesi za namna hiyo.

Badala yake ipo: isobutani, yaani R-600a, ambayo madhara yake kwa hali ya hewa ni haba mno. Wapinzani hulia, "Huwaka moto!" Kweli, huwaka. Je, mtungi wa kilo 6 uliomo jikoni mwao umejaa maji? Gesi ya kupikia ni ndugu yake, na jokofu la nyumbani kwa kawaida halizidi gramu 150. Mtungi huo una mara 40 ya kiasi hicho. Lipasalo ni kumfunza fundi, wala asiitie katika jokofu lisiloundwa kwayo.

Wengine husema kuwa jokofu moja haligeuzi mvua. Ni kweli, wala jani moja la chai halijazi kikapu. Lakini kikapu hujazwa na nini, kama si jani juu ya jani? Mchai hutaka mvua ya mfululizo na ubaridi wa kadiri. Ukame ukirefuka, mchumaji hurudi na kikapu chepesi, naye pengine hana jokofu kabisa.

Basi, vijana, siku ya kununua jokofu someni kibandiko cha nyuma. Na fundi akitaka kuifungulia hewani gesi ya jokofu kuukuu, mkatazeni.